Pikapu Kuukuu na Milima Yetu: Ununue Nguvu au Ununue Breki?

Na Mwandishi Wetu

Katika miji ya Mbeya na Iringa familia nyingi huihesabu pikapu ya dizeli kuwa jembe lao la pili. Siku za kazi humpeleka baba ofisini au mama sokoni. Ifikapo Jumamosi hupanda Isyonje kuchukua viazi, au hushuka Igurusi kuchukua mchele, au huenda Mafinga kuleta mbao. Ndiyo imbebayo bibi harusi, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitalini usiku wa manane, na ndiyo ibebayo jeneza.

Aghalabu pikapu yenyewe ni ya zamani: Toyota Hilux yenye injini ya 2L, 3L au 5L, Nissan yenye TD27, au Isuzu ya miaka hiyo hiyo. Ni magari imara, na kila fundi anayajua. Walakini mwenye gari huanza kuona haya anapopitwa mlimani na basi la abiria, huku yeye yumo katika gia ya pili na moshi mweusi umetanda nyuma yake. Hapo ndipo huzaliwa lile swali ambalo huwafikia mafundi wetu kila wiki: nifunge nini ili gari langu lipate nguvu?

Majibu yanayotolewa gereji ni mengi. Mmoja atasema ufunge tabo. Mwingine atasema ukaze skrubu ya pampu. Wa tatu atakuuzia matairi makubwa, na wa nne injini nzima ya mtumba. Kwa kuwa fedha hiyo ni akiba ya nyumba nzima, na kwa kuwa gari hilo litateremka Kitonga likiwa na watu ndani yake, yafaa baba na mama wa nyumba wakae pamoja wajue wananunua nini, na kwa utaratibu gani.

HEWA NYEPESI YA NYANDA ZA JUU

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta huletwa na pampu, lakini hewa injini isiyo na tabo hujivutia yenyewe, na haiwezi kuvuta zaidi ya ile iliyopo. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya meta 1,500. Katika kimo cha Mbeya mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganishwa na Tanga au Dar es Salaam. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, kwenye meta 2,600 hivi, umekwisha kupoteza robo.

Kipimo cha mkono wanachotumia mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza asilimia moja ya nguvu kwa kila meta 100 za kupanda. Injini ya 3L, ambayo pwani hutoa karibu nguvu za farasi 90, ikifika Mbeya hubaki na 75 hivi hata ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo mwenye gari asimlaumu fundi, wala asiilaumu injini, kwa kila udhaifu anaouona mlimani. Sehemu ya udhaifu huo ni mahali tunapoishi.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa wale wanaokubali kukaziwa skrubu ya pampu. Nyuma ya pampu ya dizeli ya magari haya ipo skrubu iwekayo kikomo cha mafuta, na kiwandani huwekwa lakiri ili isiguswe ovyo. Fundi akiikaza, mafuta huongezeka, na kwa siku chache mwenye gari hufurahi. Lakini hewa haikuongezeka. Mafuta yaliyozidi hayaungui yakaisha, bali hutoka kuwa moshi mweusi, na mengine huendelea kuungua wakati yalipopaswa kuwa yamekwisha kuzimika. Joto la moshi hupanda, na pistoni ni za aluminiamu, madini ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi. Kwa haki, gari lililotoka pwani kuja kuishi Mbeya lingepunguziwa mafuta kidogo. Sisi tunafanya kinyume, kisha tunashangaa hedi inapopasuka mwezi wa sita.

Moshi mweusi basi usihesabiwe kuwa dalili ya nguvu. Ni fedha ya dizeli inayopeperushwa barabarani, na anayeivuta ni mtoto wa jirani aendaye shule kwa miguu.

KWANZA RUDISHA KILICHOPOTEA

Pikapu yenye umri wa miaka 25 au 30 haikosi kuwa imepoteza nguvu zake za awali kidogo kidogo, hata mwenyewe asitambue. Nguvu hizo ndizo za bei nafuu kuliko zote, kwa sababu zilikwisha kununuliwa na mtu aliyelinunua gari likiwa jipya.

Anza na kipimo cha kompresheni. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, bali huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Katika injini hizi hewa hubanwa zaidi ya mara 20. Ringi zikiisha au valvu zikivuja, hewa haibaniki vya kutosha, gari huwaka kwa shida asubuhi za baridi za Juni na Julai, na nguvu hupungua. Mwombe fundi akupimie silinda zote nne, akuandikie kila moja, mlinganishe na kitabu cha injini. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hakuna kifaa cha kufunga nje kitakachoiponya. Fedha ya tabo na iende kwenye ringi na valvu.

Pili, noseli. Noseli nzuri hupuliza dizeli kama ukungu, na noseli iliyochoka hudondosha matone. Zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na siyo kufunguliwa na kusafishwa kwa petroli tu. Tatu, taimingi ya pampu na nafasi za valvu. Nne, chujio la dizeli na chujio la hewa. Vumbi la kiangazi la barabara zetu za vijijini huweza kuziba chujio la hewa katika safari chache, na injini iliyokwisha kunyimwa sehemu ya tano ya hewa na mlima hunyimwa nyingine na vumbi.

Katika injini za 2L, 3L na 5L usiusahau mkanda wa taimingi. Desturi ni kuubadili kila kilometa 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hasara yake hushinda mbali bei ya mkanda. Ikiwa ulilinunua gari hujui ulibadilishwa lini, uhesabu kwamba haujabadilishwa.

Mwenye gari akimaliza haya yote, mara nyingi huona kwamba gari limepata uhai mpya na hamu ya kufunga vitu vingine imepungua.

MAJI YASICHEMKE

Katika kimo cha Mbeya maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Injini nayo iko katika hali hiyo hiyo. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni kile kifuniko chenye springi, ambacho huyaweka chini ya mgandamizo na kuongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Kifuniko kilichochoka, au kilichobadilishwa kwa kipande cha mpira na kitambaa, huondoa kinga hiyo yote. Katika orodha ya vitu vya kununua, kifuniko halisi cha rejeta ni cha bei ndogo kuliko vingi na chenye faida kuliko vingi.

Rejeta nayo izibuliwe, feni ikaguliwe, na maji ya kawaida yabadilishwe kwa kulanti. Iko pia desturi mbaya ya kuondoa thamostati kwa madai kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Mbeya ni nchi ya baridi! Injini isiyo na thamostati huchukua muda mrefu kupata joto, hula mafuta zaidi na huliwa silinda zake. Thamostati ikiharibika, inunuliwe nyingine.

Kwa wenye injini ya 2L-T, ile ya zamani yenye tabo ya kiwandani, jambo hili ni zito zaidi, maana sifa yake kwa mafundi ni kupasuka hedi mara ichemkapo.

KUPANDA NI HIARI, KUTEREMKA NI LAZIMA

Gari likishindwa kupanda Kitonga, hasara yake ni muda. Likishindwa kusimama wakati wa kuteremka, hasara yake tunaijua. Mteremko wa Kitonga, Mlima Nyoka karibu na Uyole, na ule wa Iwambi kuelekea Mbalizi imekwisha kuchukua roho za watu wengi, na breki zilizoshindwa zimetajwa mara kwa mara.

Hebu tupige hesabu. Pikapu na mzigo wake ni kama tani mbili na nusu. Ikiteremka meta 500 za wima, joto linalopaswa kumezwa na breki na injini linatosha kuchemsha ndoo mbili za maji, za lita 20 kila moja. Joto hilo lote likiachiwa breki peke yake, pedi huanza kuteleza, na maji ya breki huweza kuchemka. Maji ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hustahimili walau nyuzi 205. Lakini huvuta unyevu wa hewa, na yakilowa kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali hushuka hadi chini bila gari kusimama. Kwa hiyo kuyabadili kila baada ya miaka miwili, pamoja na mipira ya silinda za breki, ni kununua uhai.

Hapa yapasa kutaja kosa moja ambalo halijulikani na wengi. Wenye pikapu hupenda kuongeza majani ya springi za nyuma ili zisilale. Katika Hilux na pikapu nyingine nyingi iko vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa kwa fimbo, ambayo husoma jinsi chesi ilivyolala. Chesi ikilala, vali hufahamu kwamba mzigo ni mkubwa, nayo hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiongeza springi, chesi hailali. Vali hudhani gari ni tupu ilhali limebeba tani, na breki za nyuma hunyimwa nguvu. Yeyote aongezaye springi hana budi kumtaka fundi airekebishe fimbo hiyo siku hiyo hiyo. Fundi asiyeijua vali hiyo asiguse springi zako.

Na springi zenyewe haziongezi uwezo wa gari. Pikapu ya tani moja hubaki kuwa ya tani moja. Magunia kumi ya kilo 100 yameitimiza, kabla hujamhesabu dereva na wale wanaokaa juu ya mzigo. Kama magunia ni ya lumbesa, tani ilikwisha kupita kabla gari halijatoka shambani.

Tabia ya kuteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta haina faida iliyodhaniwa. Dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, gavana ya pampu hukata dizeli. Katika gia huru injini huendelea kula mafuta ya kujiendesha, na gari limepoteza breki yake kubwa kuliko zote. Ile kanuni ya madereva wa zamani ingali sahihi: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia.

MATAIRI MAKUBWA

Matairi mapana na marefu hupendeza machoni. Lakini tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia kumi, ni kana kwamba gia zote zimeongezwa urefu kwa kiasi hicho: mvuto wa kupanda hupungua, klachi huungua upesi, na breki hupata kazi zaidi. Saa ya mwendo nayo hudanganya, ikionyesha 80 wakati gari liko kwenye 88. Kwa gari ambalo tayari ni dhaifu mlimani, hilo ni kulipa fedha ili kupunguza nguvu. Chukua kipimo cha kiwandani, lakini chagua tairi la kubebea mizigo lenye tabaka za kutosha, na usome tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwake: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka.

SASA TUZUNGUMZE TABO

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi utokao injini, nayo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa watu wa nyanda za juu hicho ndicho kifaa cha pekee kinachotibu ugonjwa wenyewe, yaani uhaba wa hewa. Asemaye tabo haifai kabisa kwa pikapu ya zamani anakosea, na asemaye ifungwe leo bila masharti anakosea zaidi.

Sharti la kwanza ni injini nzima: kompresheni nzuri, rejeta safi, gasketi ya hedi isiyo na mashaka. Sharti la pili ni kiasi. Hewa iliyopotea Mbeya haifiki baa 0.2. Tabo iliyowekewa kikomo cha baa 0.3 hadi 0.5 inatosha kuirudishia injini pumzi ya pwani na akiba kidogo. Anayetafuta baa moja katika injini ambayo haikuundwa kwa tabo ananunua gasketi za hedi kwa foleni. Sharti la tatu ni mafuta: pampu isiyo ya tabo haijui kuongeza dizeli kadiri hewa inavyoongezeka, hivyo marekebisho yawe madogo na ya hatua kwa hatua, moshi ukiangaliwa kila mara. Sharti la nne ni geji ya joto la moshi, yenye kihisio kabla ya tabo. Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 kuwa mpaka wa kupandia mlima kwa muda mrefu. Dereva akiona geji inakaribia hapo, ateremshe gia na apunguze mguu. Asiye na fedha ya geji hana fedha ya tabo.

Oili nayo ibadilishwe mapema, kila kilometa 5,000, maana shafti ya tabo huzunguka juu ya oili hiyo hiyo. Baada ya kupanda mlima injini iachwe iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Tabo ya mtumba itikiswe shafti yake kwa vidole kabla ya kulipiwa: ikigusa kuta, iachwe dukani.

Kuhusu kubadili injini nzima, wengine huiondoa 2L ya sentimeta za ujazo 2,446 wakafunga 5L ya 2,986, ambayo ni ya ukoo mmoja na huingia kwa usumbufu mdogo. Ni njia nzuri kuliko kuilazimisha injini ndogo iliyochoka. Lakini namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Mabadiliko hayana budi kufikishwa TRA, na mwenye bima yake ajulishwe. Dai hati ya mauzo ya injini hiyo, usije ukanunua mali ya wizi.

Viko pia vitu vya kuepuka kabisa: sumaku za kufunga kwenye bomba la dizeli, na vijisanduku vya umeme vinavyodaiwa kuongeza nguvu. Pampu ya magari haya haina kompyuta ya kudanganywa. Bomba pana la ekzosi nalo, katika injini isiyo na tabo, huongeza makelele kuliko nguvu.

UTARATIBU WA NYUMBA

Miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni, mafundi wetu walijifunza kuyaweka magari barabarani kwa kuchonga na kuunganisha. Kuanzia 1984, wananchi waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vipuri vilianza kurudi madukani. Ufundi ule ni hazina, na katika maeneo ya SIDO, shirika lililoundwa 1973, ungali unaonekana. Lakini mazoea ya kuunganisha chochote na chochote yalikuwa dawa ya uhaba. Leo vipuri halisi vinapatikana, na hakuna sababu ya kuyaacha maisha ya watoto mikononi mwa kipande cha waya.

Tuchukue mfano wa familia ya Uyole yenye Hilux ya 3L, iliyoweka akiba inayotosha tabo. Wakiifunga kwanza, watapanda Isyonje kwa furaha, na kwa sababu gari lina nguvu watapakia magunia 15 badala ya kumi. Kisha watageuka kurudi mjini, wakiteremka kwa breki zile zile za zamani. Nguvu waliyoinunua imewapeleka mahali ambapo breki haziwezi kuwarudisha. Wakianza na noseli, rejeta, maji ya breki na ile vali ya nyuma, huenda fedha ikabaki, na tabo ikafungwa mwaka ujao juu ya injini iliyo tayari kuipokea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamkabidhi fundi akiba yako mwulize mambo matatu, na mama watoto awepo akisikiliza. Kompresheni ya kila silinda ni ngapi? Breki hizi zitasimamisha uzito gani katika mteremko? Na kifaa hiki kikiharibika safarini, gari litaweza kurudi nyumbani? Fundi wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa. Atakasirika yule ambaye majibu hana, na huyo umwachie skrubu yake.